Gamaliel na Mkebe wa Mvua

Kwa miaka kumi na sita, kwenye mlima mmoja wa Vuhovi, mvua haikunyesha hata mara moja bila Gamaliel kuiandika. Mungu ananyesha, Gamaliel anaandika: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao wawili, na kati yao, Gamaliel ndiye aliyekuwa na rejista.

Kazi yenyewe unaweza kuielewa kabla bugali haujapoa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na uzio wa miti, wenye mlango na kufuli. Ndani ya uzio, nguzo. Juu ya nguzo, mkebe wa zinki wenye mdomo mpana. Saa kumi na mbili asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni, Gamaliel alifungua kufuli, akamimina maji ya mkebe ndani ya gilasi nyembamba yenye mistari ya milimita, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, halafu akataja hesabu kwa sauti kubwa, kama mtoto anayeitika jina lake shuleni: "Kumi na ine na nusu!" Kwa nini apige kelele? Kwa sababu mwaka wa themanini na nne, serikali ilipomwajiri, mwalimu aliyemfundisha kupima alimwambia kwamba hesabu iliyotajwa kwa sauti, mkono unaona haya kuibadilisha. Kisha aliandika. Kama mvua haikunyesha, aliandika sufuri, maana sufuri nayo ni kazi.

Mshahara ulikuja miaka sita, ukachoka njiani. Gamaliel hakuchoka. Kila mwisho wa mwezi alinakili hesabu zake, akazitia ndani ya bahasha ya kwenda Kinshasa. Halafu vita vya kwanza vikapita, vya pili vikafika na kukata nchi vipande, na Kinshasa ikawa mbali kama mwezi. Bahasha akaanza kuzipanga ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

"Siku barabara itafunguka," alisema, "watakuta niko à jour, hakuna deni hata ya siku moja."

Jambo moja tu lilimpa usingizi mzuri: katika rejista ile hakukuwa na tundu. Kila siku, tangu ya kwanza, ilikuwa na namba yake. Wengine wana ng'ombe, wengine wana nyumba ya matofali Butembo. Gamaliel alikuwa na kitabu kisicho na tundu.

Nyumbani kwake, hilo lilikuwa na adabu zake. Binti yake Séphora alipoolewa Butembo, Gamaliel alisimama chakula kilipoanza kugawiwa, akapanda baiskeli ya kukodi, akarudi mbio kwenye mkebe. Wakwe walidhani ni mtu mkubwa sana. Mtoto wa kiume wa Gamaliel mwenyewe, Mathe, alizaliwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Baba yake alimwona nusu saa baadaye, kwa sababu siku hiyo ilikuwa imenyesha vizuri. Mke wa Gamaliel, Agar, ambaye wote walimwita Mama Séphora, ndiye aliyelima, akapanda, akavuna, akapeleka maharage sokoni na kikapu mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso. Jioni walikula pamoja, kama mvua iliruhusu.

Na asubuhi, jiko la Agar lilijaa wanawake. Kila mmoja alikuja na kipande chake cha chungu kilichovunjika, kuomba moto. Ni desturi ya zamani: moto wako ukizimika unaenda kwa jirani, anakupa makaa. Gamaliel aliona wanakuja wengi mno, lakini alijiambia ni vita, kiberiti kimekuwa cha shida. Walikuwa wakisimama pale hasa saa anapopita na rejista yake kwapani, na aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni Vagheni, jirani wa upande wa chini.

"Wabukire, habari ya asubui, Papa Séphora! Mungu alituma ngapi leo?"

"Kumi na ine na nusu, mama."

"Na nusu! Aïe! Ile nusu, Kinshasa bakiikosa, serikali inaanguka."

"Ilishaangukaka," mwingine akajibu, na jiko zima likacheka.

Gamaliel alipita na heshima yake. Watu hawa, aliwaza, hawakusoma. Hawawezi kujua kazi hii ni ya nini. Kusema kweli, siku nyingine naye alijiuliza, kwa sababu katika miaka kumi na sita hakuna mtu aliyewahi kumwandikia hata mstari mmoja kusema: tumepokea.

Sasa, mwezi wa tano wa mwaka elfu mbili, waasi waliotawala kutoka Beni walikuwa wakiwatafuta vijana wa porini. Vijana wale walisema risasi haiwapati, kwa kuwa wanamwagiwa maji yaliyoombewa, na risasi ikiwafikia inageuka maji. Kwa hiyo askari hawakupenda kumwona mtu na maji asiyoweza kuyaeleza. Asubuhi moja kundi la askari likapita Vuhovi. Wakaona nini? Mzee mmoja peke yake ndani ya uzio, anamimina maji polepole ndani ya gilasi nyembamba, anayainua machoni, anapiga kelele "Tisa!" na kuandika kitu ndani ya kitabu. Wewe ungesemaje?

"Vieux! Wewe mzee, weka mikono juu!" askari mmoja akaita. "Ile maji ni ya nini?"

"Ya mvua."

"Mvua ya nani?"

Swali hilo Gamaliel hakuwahi kuulizwa. "Ya serikali," akasema.

Lilikuwa jibu baya. Mwaka ule nchi ilikuwa na serikali tatu.

Wakamchukua mpaka kambi ya Butembo, yeye, gilasi na rejista. Komanda aliketi akafungua kitabu. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akaruka miaka mitano, akarudi nyuma. Kila mahali namba, namba, namba, kwa mwandiko uleule.

"Nani anakulipa?"

"Hapana mutu, mon commandant."

"Tangu lini?"

"Tangu miaka kumi."

Komanda akamtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Halafu akawageukia askari wake.

"Mumuache. Huyu si mulozi. Huyu ni fonctionnaire, mufanyakazi wa serikali."

Gamaliel alirudi na gilasi na rejista yake juu ya baiskeli ya kukodi na kufika jioni ileile saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Tundu halikuingia.

Lakini jina lake lilikuwa limefika Beni, na wiki tano baadaye ikaja barua. Barua! Yenye muhuri! Wakubwa wapya walimteua Gamaliel kuwa Directeur, yaani mkurugenzi, wa Hali ya Hewa wa eneo lao lote, kazi ianze mara moja, ofisi iko Beni. Barua hiyo ililetwa na askari walewale, na askari hawaleti barua ya kuomba maoni. Hata hivyo tusimsingizie askari peke yake. Miaka kumi na sita alikuwa akingoja mtu yeyote, wa serikali yoyote, amwandikie. Aliisoma mara nne amesimama.

Kisha akakumbuka mkebe, akaketi.

"Utaenda," Agar alisema. Alikuwa anachambua maharage.

"Na mukebe?"

"Mukebe haina miguu. Itabakia."

"Mama Séphora, rejista itaingia tundu! Tangu nilianza haiyakuwa na tundu hata moja."

"Hata hii nyumba iko na tundu," Agar alisema bila kuinua kichwa. "Pale kwenye kiti yako. Lakini hapana mutu aliandika."

Gamaliel akaenda kupanga nguo zake. Asubuhi aliyoondoka alimpa ufunguo wa kufuli.

"Ni ya kulinda tu. Usifungue. Ile kazi ni ya batu benye balifundishwa."

"Ndiyo, Directeur," Agar akasema, akautunga ufunguo kwenye kamba shingoni.

Beni, Gamaliel alipewa meza, kiti kinachozunguka, na secrétaire aitwaye Emérence, mama mpole aliyekuwa anafuma sweta ya rangi ya njano.

"Hapa bureau inafunguliwa saa ngapi?" akamwuliza siku ya kwanza.

"Saa mbili, Directeur."

"Na kufungwa?"

"Saa nane na nusu. Lakini toka saa sita, batu banaanza kusikia njaa."

"Na siku ya posho? Na yenga?"

Emérence akamwangalia kwa huruma. "Papa, siku ya posho unapumuzika. Kwani hapa ni gereza?"

Basi Gamaliel akapata kile ambacho kila mfanyakazi anakiomba kwa magoti: kazi isiyomfuata nyumbani, jioni zake zote mkononi, siku mbili za kupumzika kila wiki, Jumamosi na Jumapili. Ni kwamba tu nyumba yake ilikuwa Vuhovi, na kazi bado hakuiona.

"Mukebe ya kupima iko wapi?" aliuliza siku ya tatu.

"Mukebe gani?"

"Ya mvua."

"Ah. Sisi tunapimaka na dirisha. Ukiona batu banakimbia, mvua iko."

Mvua ya kwanza ilipopiga mabati ya Beni, Gamaliel alisimama dirishani kama mlevi aliyenyimwa pombe. Mwisho akashindwa. Akachukua kikombe chake cha chai, akakiweka nje kwenye uwanja. Angalau ajue kidogo. Saa moja baadaye mlinzi wa ofisi akamrudishia kikombe, amekiosha vizuri na kukipangusa. "Ulisahau, Directeur."

Alikodi chumba katika commune ya Beu, mjini humohumo. Saa kumi na mbili jioni ilikuwa saa mbaya kuliko zote. Aliketi juu ya kitanda, na vidole vyake vilitafuta kufuli hewani. Kila siku aliyolala bila kuandika aliihesabu: tundu moja, matundu kumi, matundu arobaini.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, mkubwa wake akamwita. Aliitwa Phinées, Commissaire, kijana mwenye koti zuri na simu kubwa yenye antena.

"Directeur, tuko na wageni wiki kesho. Nataka rapport ya mvua. Useme vile tangu sisi tulifika, mvua imeongezeka. Weka asilimia."

"Asilimia ngapi, Monsieur le Commissaire?"

"Yenye haitishi mutu. Kumi na mbili."

"Ninaomba hesabu kwanza. Ninajua tu ya Vuhovi, na Vuhovi iko na tundu. Siku makumi sita na moja, sikupima."

Phinées akacheka kwa moyo safi kabisa. Hakuwa mtu mbaya. "Si uzibe tundu, mzee! Huku weka kumi, kule weka makumi mbili. Mvua itaenda kutushitaki wapi?"

Gamaliel aliona giza. Matundu aliyaogopa, lakini tundu ni ukweli: hapa sikuwepo. Namba ya uongo ingekuwa kama funza ndani ya gunia la maharage. Kesho hujui ni ipi nzima. Akiziba, kitabu chake kimekufa. Akikataa, kazi imekufa, na katika miaka ile mtu hakuwa na uhakika kwamba kitakachokufa ni kazi peke yake. Akaomba ruhusa aende nyumbani kuleta rejista. Phinées akampa mpaka siku ya tano, Ijumaa.

Akapanda lori lililokwenda Butembo pamoja na mengine, askari mbele na nyuma. Akalala kwa Séphora. Alfajiri baiskeli ya kukodi ikamsogeza, na kilima cha mwisho akakipanda kwa miguu, akitengeneza kichwani neno atakalomwambia mkebe wake. Alikuwa karibu na migomba ya Vagheni aliposikia sauti kutoka nyuma ya nyumba yake.

"Kumi na mbili!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Gamaliel akasimama mguu mmoja mbele.

"Na nusu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Vagheni, jikoni.

"Leo nusu haiko."

"Na jana?"

"Kumi na moja."

"Na juzi?"

"Kumi na tatu."

"Basi imetimia! Ba mama, tunapanda leo!"

Akasikia vigelegele. Akazunguka nyumba, akatokea mlangoni mwa jiko. Wanawake saba, vipande vya chungu mkononi, wote wakamgeukia. Agar alikuwa ameshika gilasi yenye mistari, anaifuta kwa kitambaa safi.

"Directeur!" Vagheni akasema haraka. "Karibu! Sisi tulikuja tu kuomba moto."

Alipoinama kumsalimia, kiberiti kikaanguka kutoka kwenye kitenge chake. Kilikuwa kimejaa. Kikalia chini, kacha kacha kacha, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Gamaliel akatazama ukuta. Nyuma ya mafiga, kutoka chini mpaka juu, ukuta ulikuwa umejaa mistari ya makaa, mitatu mitatu. Ya juu mipya, ya chini imekwisha kumezwa na moshi wa miaka. Nyumba ni yake, jiko ni lake, na ukuta ule hakuwahi kuuona. Saa ile ya asubuhi daima alikuwa mahali pengine, kazini.

"Hii ni nini?"

"Ni wewe," Agar akasema. "Siku tatu zikifuatana, kila moja kumi ao zaidi, unapanda maharage. Haiozi, haikauki. Ikikosa, unangoja."

"Nani alikufundisha?"

"Si wewe? Kila asubui unapiga kelele. Mimi nilikuwa ninaandika tu. Tangu Mathe iko mu mugongo."

"Mulima muzima tunapandaka na kelele yako, Papa Séphora," Vagheni akasema, akiokota kiberiti chake. "Ulifikiri tunakujaka kukuangalia sura?"

Gamaliel akaomba rejista. Agar akaileta ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kanisani. Siku zote alizokosa zilikuwa zimejaa, kwa kalamu ya risasi, ili mwenyewe akirudi apitishe wino kama atapenda. Akapitisha kidole. Kwenye siku moja ya juma lililopita kikasimama.

"Hapa umeandika tisa nukta munane. Juu ya nini haukuweka kumi? Mungepanda mbele ya leo."

"Juu haikuwa kumi," Agar akasema. "Vagheni alilia mpaka basi. Nilikataa."

"Alikataa kama mutu wa douane kule mupakani," Vagheni akathibitisha.

Rejista ile ilikuwa na safu ya mwisho, imeandikwa juu yake *Observations*, mahali pa kutia neno lolote la ziada. Gamaliel hakuwahi kuijaza. Kwa miaka kumi na sita hakuona la kuongeza. Agar alidhani ni lazima. Gamaliel akasoma. *Ishirini na mbili. Mvua ya mawe, ndizi za Vagheni zimelala.* *Sufuri. Mathe anakohoa.* *Ine. Mathe amepona.* *Sufuri. Nyumba kimya.* *Sufuri. Kimya.* Akafunga kitabu, akasema moshi wa jiko hili ni mkali sana.

Siku hiyo aliandika rapport yake mezani, kwa wino, akitumia hesabu za Agar bila kugusa hata moja. Ilisema kwamba tangu wakubwa wapya wafike, mvua ya Vuhovi imepungua kidogo, na kwamba mvua haikutoa sababu. Chini, kwa kuwa nafasi ilibaki, akaongeza ile kanuni ya siku tatu. Kisha akasali, akarudi Beni kusikia atafanywa nini.

Kwenye mlango wa ofisi kulikuwa na kibao kipya: *Vijana na Michezo*. Ndani, Emérence alikuwa anamalizia mkono wa pili wa sweta.

"Papa! Haukusikia? Wakubwa balipigana wao kwa wao. Wewe ulifutwa siku ya tatu."

"Na Commissaire?"

"Yeye siku ya pili. Ni mukubwa, lazima atangulie."

Gamaliel akabaki na rapport mkononi. Alikuwa amejitayarisha kwa gereza. Hakujitayarisha kwa mlango.

"Sasa hii nimupe nani?"

Emérence akaichukua kwa adabu, akaisoma mpaka chini. Akairudia ile sehemu ya mwisho. Akaweka sindano zake.

"Papa, hii ya kumi, siku tatu... huku Beni pia inafaa? Mimi niko na shamba kidogo."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi kumwuliza swali juu ya hesabu zake. Gamaliel akaketi, si kwenye kiti kinachozunguka, akamweleza mpaka saa nane na nusu, na hakuna aliyesikia njaa.

Asubuhi ya kwanza nyumbani aliamka saa kumi na mbili kasoro robo kama kawaida, akatia mkono chini ya mto. Ufunguo haukuwepo. Alikuwa bado anautafuta saa ilipotimia kumi na mbili, na kutoka nje akasikia: "Saba!" Akatoka mbio, shati mkononi.

"Mama Séphora, nimesharudi. Nipe funguo."

Agar alikuwa anaandika. Alimaliza kwanza namba yake.

"Jioni utapima wewe," akasema. "Asubui ni yangu, batu balishazoea sauti. Yenga tutapima sisi wawili. Wewe asubui utawasha moto na kumenya ndizi. Na utakaa pale kwenye kiti mpaka chakula iishe, hata ikinyesha."

"Na nikikataa?"

"Nitaandika mu rejista."

Gamaliel akaingia jikoni. Makaa yote yalikuwa majivu. Akapuliza, akakohoa, akapuliza tena. Kiberiti hakikuwepo. Mwisho akaokota kipande cha chungu, akateremka kwa Vagheni.

"Wabukire, mama. Nimekuja kuomba moto."

Vagheni akamtazama juu mpaka chini. "Moto kweli, ao unatafuta hesabu?"

"Moto kweli."

"Aïe, Papa Séphora," Vagheni akasema, akimchagulia makaa makubwa. "Tangu miaka kumi mu huu mulima, ni wewe mutu wa kwanza."

Na siku hiyo katika rejista, kwenye safu ile ya mwisho, kwa kalamu ya risasi, kumeandikwa: *Saba. Papa Séphora amewasha moto. Moshi mwingi.*